Mdogo wa Mwili, Mkubwa wa Sumu: Nyoka Wafupi wa Malisho Makavu



Likitajwa neno nyoka bomani, wengi huwaza koboko, swila au chatu. Nyoka hao ni warefu, wanaonekana, na kila mtu anawaogopa. Lakini katika malisho makavu hatari nyingine imelala chini ya miguu yako. Ni fupi, haikimbii unapoikaribia, na rangi yake ni ya vumbi na majani makavu.

Kipeperushi hiki kina jambo moja kubwa la kukuambia: udogo wa nyoka si kipimo cha sumu yake, na udogo wa jeraha si kipimo cha hatari. Mtu aliyeumwa na nyoka mfupi anaweza kuonekana mzima jioni, na baada ya siku moja au mbili akawa anapigania maisha. Kwa hiyo usisubiri dalili. Mpeleke saa ileile.

NYOKA ANAYEWASUMBUA WENZETU WA KASKAZINI

Wafugaji wa Turkana, Marsabit, Wajir na Baringo nchini Kenya wanamfahamu vizuri nyoka mmoja mdogo. Wataalamu humwita Echis pyramidum. Urefu wake mara nyingi ni kati ya sentimita 30 na 60, yaani hafikii hata nusu ya fimbo ya kuchungia. Magamba ya ubavuni mwake yana meno kama ya msumeno. Akikasirika hujikunja na kuyasugua magamba hayo, ukasikia sauti ya kukwaruza kama maji yanayochemka juu ya jiko. Hushambulia haraka sana.

Ndugu zake wanapatikana katika nchi kavu nyingi, kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Sudan, Ethiopia na Somalia, hadi Uarabuni, Pakistani na India. Katika baadhi ya maeneo wako wengi kupita kiasi. Kwenye eneo la kilima cha Moille, kaskazini mwa Kenya, karibu nyoka 7,000 wa aina hii walikusanywa ndani ya miezi 4 tu.

Sumu ya Echis huharibu damu. Huifanya damu igande kidogo kidogo ndani ya mishipa, mpaka vitu vinavyogandisha damu vinakwisha mwilini, kama ghala lililomalizwa kabla ya kiangazi. Baada ya hapo damu haigandi tena. Mgonjwa hutoka damu kwenye fizi, puani, kwenye mkojo na hata kwenye vidonda vya zamani. Damu ikivuja ndani ya ubongo, mtu hufa. Haya yanaweza kutokea siku kadhaa baada ya kuumwa, wakati jirani wameshasema, "Amepona."

WAFUPI WA KWETU MOROGORO

Echis si nyoka wa Morogoro. Ukiona picha yake kwenye simu, usidhani ndiye uliyemkuta Mkata au Dakawa. Lakini sisi pia tunao wafupi wetu. Upande wa mashariki wa milima ya Uluguru hupata mvua nyingi. Upande wa magharibi na mabonde ya Mkata na Wami ni makavu zaidi, na ndiko mifugo mingi inakochungwa. Huko jihadhari na hawa watatu.

Wa kwanza ni kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Ni mnene, kichwa chake ni kipana, na mgongoni ana alama kama mishale iliyopangwa. Akiwa mkubwa hukaribia mita moja, lakini watoto wake huzaliwa wakiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20 tu, na huzaliwa na sumu tayari. Kifutu hatagi mayai, huzaa. Mara nyingi huzaa watoto 20 hadi 40 kwa mara moja, na kifutu mmoja jike kutoka Kenya aliyefugwa Ulaya aliwahi kuzaa watoto 156. Kwa hiyo ukimwona mtoto mmoja wa kifutu karibu na zizi, ujue wenzake hawako mbali. Kifutu hutegemea kujificha. Husikii mchakacho wa kukimbia. Unamkanyaga.

Wa pili ni nyoka mfupi wa kundi la Causus, mwenye alama ya V kichwani. Mara nyingi hafiki nusu mita. Chakula chake kikubwa ni vyura, kwa hiyo hupenda kukaa karibu na lambo, birika la kunyweshea na mashimo ya maji. Sumu yake huleta maumivu, uvimbe na homa. Vifo ni nadra, lakini mtoto mdogo anaweza kuumia vibaya.

Wa tatu ni nyoka mweusi anayeishi ardhini, wa kundi la Atractaspis. Ni mwembamba, kichwa chake hakitofautiani na shingo, na mkia wake ni mfupi wenye ncha. Hutoka usiku, hasa baada ya mvua. Wengi humdhania nyoka asiye na madhara. Huyu anaweza kutoa jino lake pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa, akachoma kwa kutupa kichwa upande au nyuma. Ndiyo maana hakuna njia salama ya kumshika, hata nyuma ya kichwa. Watu wamepoteza vidole kwa kumshika. Dawa maalumu ya kuua sumu yake haipo hospitalini. Kinga yake ni kutomgusa.

KWA NINI MFUGAJI YUKO HATARINI ZAIDI

Angalia siku yako. Mama hukamua alfajiri kabla ya kupambazuka na tena giza linapoingia. Watoto huchunga ndama na mbuzi kwenye vichaka vilivyo karibu na boma. Wasichana hukusanya kuni. Vijana hulala chini kwenye kambi za kiangazi. Wengi huvaa katambuga, ambazo hulinda unyayo lakini huacha vidole na kifundo cha mguu wazi. Na sehemu inayoumwa zaidi ni hiyohiyo, mguu chini ya goti.

Boma lenyewe linamwita nyoka. Pumba na nafaka huleta panya, na panya huleta kifutu. Maji yaliyomwagika birikani huleta vyura. Uzio wa miiba uliooza, rundo la kuni na mawe yenye joto humpa nyoka mahali pa kulala.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani. Kati yao watu 81,000 hadi 138,000 hufa, na wanaobaki na ulemavu au kukatwa kiungo ni karibu mara tatu ya wanaokufa. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Wengi wa wanaoumia ni wakulima na wafugaji wa vijijini, na watoto wao.

Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Ukitoa moja, chakula kinamwagika. Kujiokoa na nyoka ni hivyohivyo: kinga, huduma ya kwanza na hospitali.

FIGA LA KWANZA: KINGA

1. Vaa viatu vilivyofunika mguu unapochunga kwenye nyasi ndefu, unapokata miti na unapotembea usiku. Buti za mpira zinafaa.
2. Usiku tembea na tochi na fimbo. Mulika unapokanyaga, hata kama ni hatua kumi tu kwenda zizini.
3. Usiingize mkono pasipoonekana. Geuza gogo, jiwe au kuni kwa fimbo kwanza. Kuni za usiku zikusanywe mchana.
4. Lala juu ya kitanda, na uchomeke chandarua chini ya godoro pande zote. Kambini, ambako hakuna kitanda, safisha mahali pa kulala na tumia chandarua hivyohivyo.
5. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba na zizi. Weka rundo la kuni mbali na mlango. Hifadhi pumba na nafaka kwenye chombo chenye mfuniko. Ziba mashimo ya panya.
6. Kausha tope linalozunguka birika.
7. Kung'uta viatu, shuka na ngozi ya kulalia kabla ya kutumia.
8. Ukimwona nyoka, rudi nyuma polepole, mwite mtu mzima, mpishe aende. Wengi huumwa wakijaribu kumuua au kumshika. Nyoka aliyekufa naye usimshike. Kichwa chake bado kinaweza kuuma.

Wafundishe watoto jambo la nane kabla ya mengine yote. Mwambie pia mtoto kwamba hatapigwa wala kulaumiwa kwa kusema ameumwa. Mtoto anayeogopa kusema kwa sababu aliacha mbuzi hupoteza saa ambazo angeokolewa.

FIGA LA PILI: HUDUMA YA KWANZA

Mtu akiumwa, fanya haya:

1. Mwondoe mahali nyoka alipo. Mtulize. Mweleze kwamba wengi huokolewa wakifika hospitali mapema.
2. Vua pete, bangili, shanga, vikuku na viatu kwenye kiungo kilichoumwa. Uvimbe ukija vitakaza na kuzuia damu.
3. Asitembee, asikimbie. Misuli ikifanya kazi, sumu husambaa haraka. Funga kijiti kilichonyooka kando ya mguu au mkono kwa kitambaa, bila kukaza, ili kiungo kisicheze.
4. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, hasa akitapika au akilegea.
5. Andika saa aliyoumwa. Kwa kalamu, chora mstari pale uvimbe ulipoishia, kisha chora tena kila baada ya muda. Daktari ataona unavyopanda.
6. Mbebe. Shuka imara na fito mbili hutosha kutengeneza machela. Kwa pikipiki, mgonjwa akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika.

Haya usifanye:

1. Usifunge kamba wala mpira kwa kukaza. Kwa nyoka wanaoozesha nyama kama kifutu, sumu iliyobanwa mahali pamoja huozesha zaidi, na kiungo kikikosa damu kinakufa.
2. Usichanje kwa wembe. Kama damu haigandi, chale hizo zitatoka damu bila kukoma, na vidonda vitaingia wadudu.
3. Usinyonye jeraha, usichome kwa moto, usimwagie mafuta ya taa wala kupitisha umeme wa betri.
4. Usitegemee jiwe jeusi. Halinyonyi sumu iliyokwisha ingia mwilini.
5. Usimchome sindano yoyote nyumbani, na kamwe usimchome dawa ya mifugo. Sindano ya msuli kwa mtu ambaye damu yake haigandi huleta uvujaji mkubwa ndani ya nyama.
6. Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa sababu huongeza kutoka damu. Maumivu yakizidi, paracetamol inatosha njiani. Usimpe pombe.

Huenda ukasema, "Mbona mzee fulani aliwekewa jiwe na akapona?" Sababu ipo. Mara nyingine nyoka huuma bila kuingiza sumu, au huingiza kidogo sana. Mtu huyo angepona hata bila kuwekewa kitu. Jiwe husifiwa kwa kazi ambalo halikuifanya. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kujua kwa macho kama sumu imeingia au haikuingia, kila aliyeumwa anahesabiwa kuwa na sumu mpaka hospitali iseme vingine.

FIGA LA TATU: HOSPITALI

Aliyeumwa akiwa Mafiga, au kitongoji chochote cha mjini Morogoro, yuko karibu na kituo cha afya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Aliyeumwa kwenye malisho ya Mkata au Wami ana safari ndefu. Kwa hiyo anayekaa mbali ndiye anayepaswa kuondoka mapema zaidi. Mzazi wa mbali akisema "tuone kwanza mpaka asubuhi", anaongeza usiku mzima juu ya safari ambayo tayari ni ndefu.

Hospitalini wanaweza kufanya kipimo rahisi. Huchukua damu kidogo, huiweka kwenye chupa safi na kavu ya kioo, na kuiacha dakika 20 bila kuitikisa. Kisha chupa huinamishwa. Damu ikiwa bado ni maji, sumu imeharibu mgando. Kipimo hurudiwa baadaye, kwa hiyo usishangae mgonjwa akizuiwa wodini saa 24 hata kama anajisikia vizuri. Usimtoroshe.

Dawa inayozima sumu huitwa antivenomu. Wewe mfugaji utaelewa inavyopatikana. Farasi, na kwa dawa nyingine kondoo, huchomwa sumu kidogo kidogo, kama chanjo. Mwili wake hutengeneza kinga. Damu yake huchukuliwa, na kinga hiyo husafishwa ikawa dawa ya binadamu. Kama chanjo ya ugonjwa mmoja wa ng'ombe isivyozuia ugonjwa mwingine, antivenomu nayo hufanya kazi kwa nyoka ambao sumu yao ilitumika kuitengeneza, au wanaofanana nao sana.

Hili lina uzito. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India imewahi kuuzwa katika nchi za Afrika, na wagonjwa hawakupata nafuu iliyotarajiwa, ingawa India nako kuna Echis. Antivenomu ya mchanganyiko inayotengenezwa Afrika Kusini inahusu kifutu, koboko na baadhi ya jamii za swila, lakini haihusu Echis. Nyoka huyo ana dawa yake peke yake. Kwa hiyo usinunue chupa ya dawa mtaani ukajichoma. Pamoja na kwamba inaweza kuwa si yake, antivenomu inaweza kuleta mzio mkali ghafla, na hapo unahitaji muuguzi na dawa za kukuokoa papo hapo.

Eleza nyoka ulivyomwona: unene, rangi, urefu, kama alikuwa juu ya mti au ardhini. Kama mtu amempiga picha kwa simu kutoka mbali, ionyeshe. Usipoteze muda kumtafuta, wala usimbebe.

Jambo moja la mwisho kuhusu dawa: antivenomu huzima sumu, lakini hairudishi nyama iliyokwisha kufa. Kila saa unayochelewa unaweza kulipia kwa kidole, mguu au uhai. Mama mjamzito aliyeumwa asisubiri hata kidogo, maana sumu inaweza kuharibu mimba.

MFUGO UKIUMWA

Ng'ombe na mbuzi huumwa zaidi puani na miguuni, kwa sababu hulisha vichwa vikiwa chini. Uvimbe wa puani ni hatari, kwa kuwa mnyama anaweza kushindwa kupumua. Msimamishe kivulini, usimtembeze, usimchanje, mpe maji, na umwite afisa mifugo. Yeye ataamua kuhusu dawa ya maumivu na dawa ya kuzuia vidonda kuoza.

Lakini tahadhari: si kila uvimbe na si kila kifo cha ghafla ni nyoka. Ng'ombe kijana aliyenona anayechechemea, mwenye homa na uvimbe wa paja au bega unaolia kama karatasi kavu ukiubonyeza, huenda ana chambavu. Na mnyama aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au nyuma, huenda amekufa kwa kimeta. Mfugaji akisema "ni nyoka tu", akachuna na kugawa nyama, anaweza kuambukiza boma zima. Mnyama wa namna hiyo usimpasue, usimchune, usimle. Zuia mbwa wasimfikie, na mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Kwa chambavu na kimeta chanjo ipo. Uliza ratiba yake katika kata yako.

KABLA MVUA HAZIJAANZA

Kaeni kama familia, na ikiwezekana kama boma zima, mkubaliane mambo manne. Kwanza, ni kituo gani cha afya au hospitali ya karibu yenye antivenomu? Nenda kaulize sasa, mtu akiwa mzima: "Dawa ya sumu ya nyoka mnayo? Ni ya nyoka gani?" Pili, ni nani mwenye pikipiki au gari atakayeitwa usiku, na namba yake imehifadhiwa kwenye simu ya nani? Tatu, fedha za dharura ziko wapi? Maboma mengi huchangiana mbuzi kwa ajili ya harusi. Mbuzi mmoja wa dharura, anayejulikana kuwa ni wa matibabu, anaweza kuokoa mtoto. Nne, ni nani atakayechunga mifugo wakati wengine wanakwenda hospitali? Swali hili likiwa na jibu mapema, hakuna atakayechelewesha mgonjwa kwa sababu ya ng'ombe.

Ng'ombe aliyepotea hutafutwa akapatikana. Mguu uliooza haurudi. Nyoka ni mfupi, nawe usiwe mrefu wa kusubiri.